Mwalimu Aliyeanzia Kwenye Marejeo

Mwalimu hakuwahi kusoma kazi ya mtu kuanzia mwanzo. Ukimpa muswada, kwanza aliugeuza, akaufungua nyuma kabisa kwenye marejeo, akavaa miwani ya kusomea juu ya ile ya kutembelea, kisha akaanza kushuka na kidole. Mbele ya kazi, alisema, kila mtu amejipamba. Nyuma ndiko unakoona alikuwa akitembea na nani. Sisi tulikaa mbele yake tukikitazama kile kidole, na nasema kweli, nimewahi kusimama mbele ya jopo la maprofesa na sikutetemeka vile. Kidole kikisimama, moyo nao ulisimama, mpaka aseme kosa ni nini.

Tulimwita Mwalimu ingawa alikuwa mkutubi, aliyestaafu kutoka maktaba ya chuo kimoja hapa Stockholm. Jumamosi alipatikana kwenye maktaba ya Farsta, meza ya ndani karibu na kipasha joto, na yeyote mwenye makala, tasnifu, au hata insha ya kozi ya uuguzi alimfuata huko. Walikuja Wakenya kama mimi, Waganda, Watanzania, Wakongo na Warundi wenzake. Kiswahili chetu kilikuwa cha kila aina, yeye mwenyewe akikipiga viraka vya Kifaransa, na Mswidi wa meza ya jirani bila shaka alidhani tunagombana. Mara nyingi tulikuwa tunajadili mahali pa kuweka mkato.

Nataka nimweleze kama alivyokuwa, na kwanza kabisa alikuwa mwoga. Sisemi kwa kumdharau. Nimekutana na majasiri wengi katika nchi hii, wengine wamevuka mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, na sijaona mmoja aliyeogopa kwa makini kama yeye. Woga wake ulikuwa na utaratibu, kama kazi yake. Baadaye niliambukizwa, na sijapona.

Hadithi iliyomtangaza ni ya nesi mmoja wa Kiganda. Mama huyo alikuwa anamalizia shahada ya uzamili huku akifanya zamu za wikendi kwenye nyumba ya wazee, na kwa uchovu akaiambia moja ya hizi programu za kompyuta zinazoandika imalizie orodha yake ya marejeo. Orodha ikatoka imenyooka, mabano mahali pake, herufi za mlazo mahali pake. Lakini Mwalimu alikuwa na sheria kwamba harekebishi rejeo kabla hajakiona chanzo chenyewe, kwa hiyo akaanza kutafuta. Jarida lilikuwepo. Toleo lilikuwepo. Ukurasa ulikuwepo, na juu yake palikuwa na makala ya mtu mwingine kabisa kuhusu kwato za ng'ombe. Mwandishi aliyetajwa hakuonekana popote.

Tulisubiri amkaripie. Badala yake aliisukuma ile karatasi mbali naye, taratibu, kama sufuria ya moto.

"Huyu mtu hayupo," alisema. "Hayupo, na ana jina, ana mwaka, ana ukurasa. Nani amemtengeneza?"

Nesi alicheka kwa aibu. Mwalimu hakucheka. Alimkata yule mtu kwa kalamu nyekundu, akamtaka nesi ahakikishe waliobaki mmoja mmoja mbele yake, na siku hiyo sisi wengine hatukuhudumiwa. Mimi nilidhani anaogopa uongo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alichoogopa ni majina, jinsi yanavyokaa kwenye karatasi na kuaminika.

Majina yalimla akili kuliko kitu chochote. Sisi Wakenya alitutania bila huruma, kwamba tuna majina matatu na hakuna anayejua lipi ni la ukoo, hata mwenyewe mpaka aulizwe uwanja wa ndege. Kwa Warundi hakutania. Kwao baba ana jina lake na kila mtoto ana lake, na mitindo hii ya majarida inataka kila binadamu awe na jina la ukoo la kutanguliza, basi inamkata Mrundi katikati na kumtanguliza kichwa chini. Mwalimu aliwahi kumwandikia mhariri mmoja barua ndefu ya adabu na hasira kuhusu jambo hilo. Mhariri akakubali. Ule ukurasa uliorekebishwa alikuwa akituonyesha kwenye simu, kama wengine wanavyoonyesha picha za wajukuu.

Alikuwa na misemo yake. Nukta ni adabu, alisema. Mtu akileta rejeo lenye waandishi wengi amefupisha kwa kuandika "na wenzake," alimwuliza kwanza awataje hao wenzake. Asipoweza, alirudishiwa karatasi. Usimfupishe mtu usiyemjua, alisema, na mwanafunzi alirudi kwenye kompyuta akinung'unika, akawasoma wote, ndipo akaruhusiwa kuwafupisha. Mkongo mmoja aliyekuwa akisomea uhandisi alimwita polisi wa mkato. Mwalimu alisikia, na nadhani alifurahi.

Sasa mtu huyuhuyu, aliyeweza kupoteza Jumamosi nzima akitafuta herufi ya kwanza ya jina la kati la mtafiti aliyekufa zamani, hakukubali jina lake mwenyewe liandikwe popote. Wenye tasnifu walitaka kumshukuru kwenye kurasa za mwanzo, akawaambia waandike "mkutubi mmoja." Ukipita kwenye maktaba za vyuo vya mji huu utakuta mkutubi mmoja anashukuriwa na watu wa kila fani. Nyumbani kwake Hagsätra, ambako kama kwingine hapa mlango una jina juu ya tundu la barua, mlango wake ulikuwa bado na jina la Kiswidi la mpangaji aliyemtangulia. Mpeleka barua alishazoea.

Siku alipogundua kwamba katika nchi hii unaweza kuandika jina la mtu kwenye simu na ukaletewa mtaa wake, umri wake, na kama anaishi peke yake, alitusimulia kama mtu anayesimulia nyumba iliyoungua. Waswidi hawaoni shida. Kwao ni uwazi. Mimi pia sikuona shida, nilikuwa nikitumia huduma hiyo kutafuta nyumba ya mtu nikialikwa chakula. Mwalimu alitikisa kichwa. "Mwanangu," aliniambia, "hapa mlango wako uko hewani."

Niliona anatia chumvi. Kisha nikamletea muswada wangu.

Makala yangu ilikuwa inahusu akina mama wazee wa Kirundi waliokuja hapa kama wakimbizi, na jinsi wanavyosimulia kuondoka kwao, kwa Kiswahili, jikoni kwao. Ilikuwa makala ya mwisho ya tasnifu yangu ya udaktari. Bila jarida kuikubali nisingeweza kuitetea tasnifu, na kibali changu cha kukaa kilikuwa kimefungamanishwa na masomo hayo, kwa hiyo nilikuwa na hofu yangu hata kabla sijaongezewa nyingine. Msimamizi wangu, Mswidi mwenye misimamo, aliamini kwamba wazee wanaotupa historia wanastahili kutajwa kama waandishi wa vitabu wanavyotajwa. Kumwita mzee wa watu "msailiwa namba fulani" ni kumla na kumficha mifupa, ndivyo nilivyomwelewa, na nilikubaliana naye kabisa. Jarida nalo lilitaka hivyohivyo: mahojiano yawe na sehemu yake kwenye marejeo, jina kamili, mtu ni nani, anaishi wapi, tulizungumza lini.

Aliyenipa mengi ni Mama wa Jordbro. Alikuwa mfanyausafi mstaafu, mguu mmoja unamsumbua, anakaa kwenye ghorofa ambalo ukifungua dirisha la jikoni unasikia malori ya maghala yakirudi nyuma. Hakukubali kinasa sauti kiwashwe kabla sijala. Nikishakula, alisimulia habari ya mtu aliyekuja nyumbani kwao na wenzake wakamchukua mume wake, mtu waliyemjua vizuri, aliyekuwa akiimba nao kanisani. Mtu huyo leo ana cheo kule kwao. Kwenye makala nililificha jina la huyo mwanamume. La Mama niliandika lote, kwa sababu alitaka, na alitia sahihi fomu ya idhini akiwa amevaa kitambaa kizuri kichwani, kana kwamba fomu ina kamera.

Kidole cha Mwalimu kilishuka vizuri kwenye vitabu na majarida, kikaingia kwenye mahojiano, kikasimama. Nilidhani ni mkato.

"Huyu mama anakaa Jordbro?" aliuliza.

Nikasema ndiyo. Alitoa simu yake, akaandika jina kama nilivyoliandika mimi kwenye marejeo, herufi kwa herufi, akailaza mbele yangu. Mtaa ulikuwepo. Ghorofa. Umri. Kwamba anaishi peke yake.

Kisha akafungua ndani ya makala, ukurasa wenye habari ya yule mwanamume mwenye cheo, akaniuliza kama ana ndugu hapa. Nilisema nimesikia ana mpwa, anasali upande wa kusini wa mji, kwenye usharika ambako mimi mwenyewe nimewahi kwenda kuimba. Akaniuliza tena, yule mdogo wake Mama niliyemwandika kwamba alibaki nyumbani, bado yuko? Yuko, nikasema. Ana shamba na watoto.

Mwalimu alivua miwani yote miwili.

"Mimi niliwahi kuona orodha iliyopangwa vizuri," alisema. "Kwa alfabeti. Jina, kazi, mtaa. Haikuwa na kosa hata moja."

Alisema kwa sauti ileile aliyotumia kwa nukta na mikato, na hilo ndilo lililonitisha. Sikumwuliza aliiona wapi. Naye hakusema, siku hiyo wala siku nyingine.

Nilirudi nyumbani na hofu ambayo sikuwahi kuijua. Kwa kawaida nikisikia Kiswahili kwenye treni ya chini ya ardhi moyo wangu hufurahi, nikajisogeza karibu, nikaingilia hata maongezi ya watu. Siku hiyo wanaume wawili nyuma yangu walianza kuongea Kiswahili cha Bujumbura, wanaongea bei ya matairi ya msimu wa baridi, nami nikahama kiti. Nilijiambia kwamba ni upuuzi. Nilihama tu.

Msimamizi wangu alinisikiliza vizuri. Alisema kama kuna hatari tutoe majina, jarida litaelewa, ila nikazungumze kwanza na Mama mwenyewe, kwa sababu jina ni lake. Alikuwa sahihi. Nikamwomba Mwalimu twende wote, na kwa mshangao wangu akakubali, yeye aliyekuwa haendi popote alikoalikwa.

Mama alitupokea kwa furaha, akampa Mwalimu kiti cha heshima, wakasalimiana kwa Kirundi kirefu, kisha wakarudi kwenye Kiswahili ili nisiachwe nje. Mwalimu alimweleza kuhusu simu, mpwa, na cheo cha yule mtu. Alieleza kwa upole, kama daktari. Mama alicheka mpaka akajifuta macho.

"Wale walikuwa wanatutafuta wamezeeka kama mimi," alisema. "Na wao miguu inauma."

"Watoto wao hawajazeeka, mama."

"Wewe baba, unaogopa hata huku?"

"Huku ndiyo zaidi," Mwalimu alisema. "Huku tunapatikana wote."

Mama aligeukia upande wangu. Alisema katika nchi hii amekuwa nambari. Nambari ya mkimbizi, nambari ya kodi, nambari ya kusubiri hospitali. "Kwa hii kitabu yako nataka kuwa mtu. Andika jina yangu yote."

Nilitaka kumkubalia. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mwalimu akamwuliza, taratibu, kama amemwuliza mdogo wake.

Mama alizungusha kikombe kwenye kisahani chake, akatazama nje kwenye maghala. Nje lori lilikuwa linarudi nyuma likipiga kelele zake, na sisi watatu tulilisikiliza mpaka likasimama.

"Basi toeni," alisema hatimaye. "Lakini mjue mmenitoa."

Hakumtazama Mwalimu aliposema hivyo. Alinitazama mimi.

Kazi ya kumtoa tuliifanya Farsta, na sijawahi kuona kazi ya marejeo ya namna ile. Kutoa jina hakukutosha. Mwalimu alisoma upya akasema, mwanamke wa Kirundi, mfanyausafi mstaafu, Jordbro, anachechemea, je, wako wangapi? Tukaondoa mguu. Akasoma tena akasema Jordbro ni padogo, tukaandika kusini mwa Stockholm. Tukaondoa usafi. Tukaondoa kanisa, ambalo ndilo lililoifanya ile habari iume, kwa sababu mtu aliyemchukua mume wake alikuwa akisimama kando yake wakiimba. Tarehe ikabaki mwaka tu. Mtu aliyekuwa akigombea nukta za watu sasa alikuwa anafuta, na alifuta kwa uangalifu uleule, akihakikisha kwamba kilichobaki kimepangwa sawasawa na mtindo wa jarida. Mwisho likabaki: Mahojiano ya Saba, mwanamke, kusini mwa Stockholm, na mwaka. Mikato ilikuwa mahali pake.

Kila neno lililotoka lilinipa nafuu, na nilichukia kwamba linanipa nafuu. Nilimwuliza Mwalimu kama tunamlinda Mama au tunajituliza sisi. Alijibu kwamba hajui, na kwamba angekuwa anajua angefanya haraka zaidi.

Jarida liliikubali makala. Nilitetea tasnifu, nikapata kazi ya utafiti, kibali kikapatikana, wenzangu wakanipikia pilau. Kwenye shukrani niliandika mkutubi mmoja. Ungefikiri hofu ingekwisha hapo, lakini ilibaki kwenye vitu vidogo. Nikiombwa jina langu kamili kwenye dirisha la ofisi nilijikuta nalitaja kwa sauti ya chini. Nikialikwa chakula sikutafuta tena nyumba ya mtu kwenye simu. Niliomba anwani, kama zamani.

Mama aliendelea kunipokea, akaendelea kunilisha, ila hakuwahi kuniuliza habari ya makala, nami sikuitaja. Kisha alilazwa, na kabla ya majira ya kuchipua kuingia vizuri akafariki. Kwenye mazishi nilikaa nyuma. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya ibada, lote, kwa herufi kubwa, na badala ya kulia niligeuka nikatazama ni akina nani wengine wameishika karatasi hiyo. Ndivyo nilivyokuwa nimekuwa.

Baada ya muda ikaja barua pepe kutoka kwa mtu nisiyemjua, kwa Kiswidi. Alisema yeye ni mjukuu wa kike wa Mama. Alisema bibi yake aliwahi kuwaambia kwamba ameandikwa kwenye makala ya chuo, wameitafuta, wameipata, wameisoma yote na hawajamwona. Aliuliza swali moja: ni yupi kati ya hawa ndiye bibi yangu?

Niliisoma barua ile nikaogopa. Mtu anayetaka kujua ni shahidi gani alisema nini angeuliza hivyohivyo, tena angejifanya mjukuu. Nilijaribu kukumbuka kama Mama aliwahi kunitajia wajukuu wake kwa majina. Alikuwa akiwaita wale watoto, basi.

Nikapanda treni mpaka Hagsätra. Wakati huo Mwalimu alikuwa hatoki sana. Macho yalikuwa yamepungua, Farsta alikwenda akipelekwa. Nilimsomea barua mara mbili. Aliuliza imetoka kwa nani, nikamtajia jina. Aliuliza tunajuaje. Nikasema hatujui.

"Usijibu," alisema.

Nilisema sawa. Tulikunywa chai, tukaongea habari ya baridi na bei ya vyakula, nikaondoka. Asubuhi alinipigia simu mapema, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kupiga simu nilidhani ameanguka.

"Twende Jordbro," alisema. "Karatasi haiwezi kutuambia. Twende tumwone kwa macho."

Nilimjibu yule binti kwa maneno machache, kwamba tungependa kuja kumpa pole nyumbani kwa bibi yake kama bado nyumba wanayo. Akasema wanayo mpaka mwisho wa mwezi, wanafungasha vitu. Kwenye treni ya abiria Mwalimu alivaa kofia mpaka kwenye nyusi na kunishika mkono kwa nguvu, na tulipopita kituo kimoja baada ya kingine nilihisi mshiko wake haulegei. Niliogopa pia. Nilikuwa nimemwambia mwenzangu wa kazini ninakokwenda na saa nitakayorudi, jambo ambalo mtu hafanyi akienda kutoa pole.

Aliyefungua mlango alikuwa na paji la uso la Mama na namna yake ya kusimama akiegemea upande mmoja. Mimi nilitosheka. Mwalimu hakutosheka. Alisimama kwenye kizingiti, akamwuliza kwa Kiswahili ni mguu gani uliokuwa ukimsumbua bibi yake. Binti alishangaa, akajibu kwa Kiswidi kwamba ni wa kushoto, aliumia akiwa msichana, na kwamba kila baridi ilipoingia aliufunga skafu ya babu yao. Hapo ndipo Mwalimu alipovua kofia na kuingia.

Jikoni palikuwa na maboksi. Binti alikuwa ameichapa makala yangu, kurasa zimekunjwa pembe, sehemu nyingine zimepigwa mistari. Yeye aliongea Kiswidi, sisi Kiswahili, na tulielewana kama familia nyingi za hapa zinavyoelewana. Alisema habari ya mwanamke aliyechukuliwa mumewe inafanana na ya bibi yake, lakini bibi yake aliimba na yule mtu kanisani, na humu kanisa halimo. Alimwonyesha mama yake mzazi, naye akasema si yeye, bibi angetaka jina. Basi nyumbani wakaamua kwamba makala ilipopunguzwa bibi yao hakuhitajika. Kwamba alihojiwa na mtu wa chuo akajigamba bure.

Mwalimu alivuta kiti, akaomba ile karatasi, akaigeuza nyuma. Macho yake hayakuweza tena kusoma herufi zile, lakini ukurasa ule aliujua. Aliuweka mkono chini ya mstari.

"Ni huyu," alisema.

Binti aliinama akasoma. Mahojiano ya Saba, mwanamke, kusini mwa Stockholm. Alisoma mara ya pili akisogeza midomo. Kisha akauliza ni nani aliyemtoa jina bibi yake. Msimamizi, jarida, kanuni za utafiti, majibu yote hayo nilikuwa nayo tayari.

"Ni mimi," Mwalimu alisema. "Niliogopa. Hata sasa naogopa. Mdogo wa bibi yako, yule wa nyumbani, hajambo?"

Binti akasema hajambo, alipiga simu siku ya mazishi, analima. Mwalimu aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyelipwa kidogo kuliko alichotoa.

Binti aliondoka mezani, akatafuta kwenye boksi moja, akarudi na kalamu ya wino wa bluu. Alimpa Mwalimu, akamwambia kwa Kiswahili, Kiswahili pekee alichosema siku hiyo: "Muandike."

Mwalimu aliishika kalamu. Aliisogeza mpaka kwenye nafasi nyeupe kando ya mstari, na hapo ikasimama, mpaka alipoiweka chini.

"Andika wewe, mwanangu," alisema. "Mimi siwezi."

Binti akaketi akaandika. Aliandika jina la bibi yake lote, polepole, kwa mwandiko mkubwa uliovuka ukingo wa mstari na kufunika mkato, akaongeza Jordbro, akaongeza kanisa. Kisha akamsomea Mwalimu. Mwalimu alilirudia jina lile kwa sauti ya chini sana, akalirudia tena, machozi yakishuka kwenye ndevu. Kisha akanivuta mkono, akaniuliza kama ndani ya nyumba tuko peke yetu.